Ndiyo, Nimevaa Saa ya Elfu Nne

Kabla mnimalize kwa komenti, wacha nijibu. Tangu niweke ile video ya chapati, watu wameangalia mkono wangu kuliko chapati zenyewe. "Buda, ile saa ilienda wapi?" "Umeuza?" "Mambo imekuwa ngumu?" Mmoja akaandika ati sasa nafanana na mwalimu wa michezo. Hiyo nilicheka, lakini pia iliniuma kidogo, maana ile saa ya zamani ndiyo niliyonunua na pesa ya kwanza ya maana kuwahi kupata kwa hii kazi, mwaka uleule nilioacha chuo. Nilitaka kitu cha kuonyesha nyumbani kwamba sijapotea.

Elfu ishirini na saba, mitumba ya ng'ambo, Luthuli Avenue. Na ukweli ni kwamba niliivaa lakini sikuitumia. Kila usiku lazima chaji, na mnajua stima ya mtaa wetu. Tokeni zikiisha saa nne usiku, asubuhi nimevaa kioo cheusi. Hiyo si ajabu, saa za aina hiyo ndivyo zilivyo. Hata Apple wenyewe kwa miaka mingi waliandika kwamba chaji ya Apple Watch ya kawaida ilikuwa ya saa 18. Kioo kizuri na programu nyingi zinakula betri, hakuna uchawi.

Kilichonichekesha zaidi ni town. Nikishuka Odeon, navuta sweta hadi vidoleni. Yaani saa ambayo kazi yake ni kuangaliwa, naificha. Halafu ikanianguka bafuni, kioo kikapasuka, fundi akaniambia elfu kumi na nne. Nikamwambia asante boss, nikavuka barabara, nikanunua hii ya 4,200. (Jina siwaambii. Hawajanilipa.)

Sasa ni miezi mitatu. Naichaji mara moja kwa zaidi ya wiki, nikikumbuka. Haina GPS yake yenyewe, inaazima ya simu, kwa hivyo ukienda kukimbia Karura na uache simu nyumbani, usitarajie ramani. Huwezi kulipa nayo. Kioo kwenye jua kali lazima ukikinge na mkono. Lakini niko kwa matatu ya Githurai, dirisha liko wazi, simu iko mfuko wa ndani kabisa, na mkono unatetemeka: M-Pesa imeingia, mteja amelipa. Nasoma jina, nasoma pesa, nimemaliza. Zamani ningetoa simu, na wale vijana wa kunyakua kupitia dirishani hawangojei umalize kusoma. Hiyo peke yake kwangu imelipa zile elfu nne.

Hatua? Iamini nusu. Ndani kuna kitu kidogo kinachohisi mkono ukitikisika, halafu programu inakisia kama ulitembea. Nikisonga ugali, natembea. Nikifua jinzi mbili, nimefika Thika. Lakini nikisukuma mkokoteni wa maji, mkono umeshika chuma na hautikisiki, ninahesabiwa kama nimelala. Mapigo ya moyo inapima na ile taa ya kijani: damu inameza mwanga wa kijani, kwa hivyo kila pigo linabadilisha mwanga unaorudi. Ukiwa umetulia na mkanda umekaza, iko sawa tu. Ukiruka ruka, itakudanganya.

Sasa hapa naomba mniskize, kwa sababu hii sehemu sijawahi kuisema.

Mwaka jana kuna muuzaji alinitumia saa tatu za bure, zile feki zenye mkanda wa rangi ya machungwa, nizitangaze. Ati zinapima presha, zinapima sukari, na hutobolewi popote. Mimi nikasoma maneno yake mbele ya kamera kama anayesoma matangazo ya vifo redioni, neno kwa neno, bila kuuliza. Video ikafanya vizuri. Saa moja nikampa mum.

Mum ana sukari mwaka wa tisa sasa. Stripu za kupimia ni pesa, kila asubuhi pesa, na vidole vyake vimekuwa vigumu kwa kutobolewa. Desemba nikaenda nyumbani, nikaona kile kimashine chake kiko juu ya kabati, kimeshika vumbi.

"Mum, siku hizi unapima aje?"

"Si uliniletea saa? Kila asubuhi inaniambia tano nukta sita. Mungu ni mwema."

Nilimtoboa kidole mwenyewe. 17.2.

Usiku huo, wakati amelala, nilichukua ile saa nikaifunga kwenye ndizi. Sifanyi mzaha. Taa ikawaka, ikafikiria kidogo, ikaniambia ndizi ina presha ya 118 kwa 76 na sukari ya 5.6.

Asubuhi tulikuwa kliniki. Walimbadilishia dawa, na sai anaendelea vizuri, anapima kidole kama kawaida. Hakunigombeza. Njiani kurudi aliniuliza swali moja tu: "Na hao wengine waliokuskiza?"

Niliifuta ile video usiku, kimya kimya. Nikajiambia nimetengeneza. Lakini kufuta video hakumfikii mtu aliyekwisha kununua na kumpelekea shosho wake ushago.

Kwa hivyo nasema waziwazi. Februari 2024, FDA, wale wa kuidhinisha dawa na vifaa vya matibabu Marekani, walitoa onyo kwamba hawajaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Yoyote, hata ya laki. Ukiona saa ya kweli ikionyesha sukari, inasoma kifaa kingine kilichobandikwa mwilini na kuingia chini ya ngozi. Presha nayo, hata baadhi ya zile chache za kampuni kubwa zinazojaribu zinataka uzilinganishe na mashine ya mkono kila baada ya wiki kadhaa. Ya elfu moja na mia tano inatoa wapi hiyo akili?

Ukitaka saa ya kukuambia wakati, meseji na nani anapiga, nunua ya bei ya chini, vaa kwa amani. Ukiuziwa ya sukari, ifunge kwenye ndizi hapo hapo dukani uone.

Na kama ulinunua ile ya machungwa kwa sababu yangu, na kuna mtu nyumbani anaitegemea, mpigie leo, mwambie arudi kwa kidole. Halafu niandikie inboksi. Aliyeuliza kama nimeuza ile saa ya zamani: ndiyo, na ufa wake, elfu tisa. Hizo ndizo za kununua stripu. Pakiti chache tu, sitadanganya ati zitatosha watu wote, nitaanza na walio na wazazi wagonjwa, na zikiisha nitawaambia zimeisha.