Kauza kakao, kanunua bunduki ya kwenye simu

Toleo lililopita niliaga kwamba naenda nyumbani Kyela kupumzika. Kwenda nilikwenda, ila kupumzika, wapi!

Ukishateremka kutoka Tukuyu joto linakupokea kama ndugu, nami nilifika kwa mama mchana wa saa nane nikiwa hoi kwa safari. Mama yuko peke yake nyuma ya nyumba anapasua kakao. Dogo, mdogo wetu wa mwisho mwenye miaka 19, amelala. Nikauliza, anaumwa? Mama akacheka kile kicheko cha kuficha jambo. "Haumwi. Usiku anapigana vita."

Vita yenyewe ni gemu ya kwenye simu. Anacheza kuanzia saa nne usiku mpaka jogoo wawike, kwa sababu bando la usiku ni rahisi. Nikajisemea, aah, ujana tu huo.

Siku ya tatu akaja bwana mmoja na pikipiki, akapita moja kwa moja shambani akaanza kuikagua mikakao yetu. Mama akamuuliza, baba, unatafuta nini? Akajibu kwa adabu zote kwamba anaangalia mali yake. Nikabaki mdomo wazi.

Kwa wasiotoka kwetu, kuna kitu kinaitwa njuti. Mnunuzi anakupa vijisenti mazao yakiwa bado mtini, yakishaiva anabeba yote. Viongozi wameikemea miaka na miaka, lakini mtu mwenye msiba au ada ya mtoto haoni pengine pa kukimbilia. Dogo hakuwa na msiba wala ada. Aliuza mistari miwili ya kakao ya mama kwa shilingi 70,000. Hii ni kakao ileile ambayo mwaka 2024 bei yake duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kila mtu Kyela akawa anailinda kama mwali!

Fedha imekwenda wapi? Bunduki ya dhahabu, koti la ngozi, na kubahatisha masanduku ya zawadi. Vyote vya kwenye simu. Huwezi kuvivaa wala kuvila.

Hapa nataka tuelewane. Gemu za namna hii kupakua ni bure na kucheza ni bure. Biashara iko kwenye yale masanduku: unalipa kwanza, ndipo ufungue uone umepata nini. Mara nyingi takataka, mara mojamoja kitu cha maana. Mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, alionyesha zamani kwamba njiwa anayepewa punje bila mpangilio hudonoa kitufe bila kuchoka, kuliko yule anayejua punje inakuja lini. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku hayo ya kulipia ni kamari. China nayo mwaka 2021 iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sasa pale kwetu nani atamlinda dogo saa nane za usiku? Mama analala saa mbili.

Na si kila anayecheza ni mgonjwa, jamani. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na vigezo vyake vinaeleweka: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, na anaendelea hata madhara akiyaona, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Nilivihesabu kwa vidole. Dogo anavyo vyote.

Jumapili nikampeleka Matema nikidhani ziwa litamfungua mdomo. Alikaa mchangani akalipa ziwa mgongo, na Milima ya Livingstone yote ile hakuitazama. Shahada yangu ya mawasiliano haikufua dafu. Aliongea kesho yake, tukipasua kakao, mikono ikiwa imejaa utelezi asiweze kushika simu.

"Dada, kule nina timu. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Mombasa. Wananiita Kapteni. Hapa tangu nifeli fomu foo, naitwa we mvivu."

Likanichoma. Simu nilimnunulia mimi, mwaka ambao sikwenda nyumbani Krismasi. Mama alipolalamika kwamba mtoto anazurura, mimi ndiye niliyekuwa namtumia hela ya bando ili atulie. Alitulia kweli.

Mama alitaka kuitumbukiza simu chooni. Nikamsihi asifanye hivyo, maana simu angepata nyingine, na hela ya kuinunua mngejua imetoka wapi? Nikataka kumrudishia yule bwana fedha zake. Akakataa, anataka kakao. Mama akasema basi, neno limetoka nyumbani kwangu, achukue. Akachukua yote, nasi tukisimama pale tunatazama. Dogo alilia. Sikuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya baba.

Tulichokubaliana ni hiki: laini ya kutuma na kupokea fedha inakaa kwa mama, gemu ni saa mbili hadi saa nne usiku, na kakao iliyobaki ni kazi yake. Kuvundika kwenye masanduku ya mbao siku sita, kuigeuza, kuanika, kuipeleka ghalani kwenye chama cha msingi. Kakao isipogeuzwa inaharibika, haisubiri mtu aamke saa nane. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kama mtu aliyeachishwa sigara, kichwa kinamuuma, anagombana hadi na kuku. Amevunja makubaliano mara mbili ninazozijua. Lakini mzigo wa kwanza umepimwa, na karatasi ya mizani ameiweka yeye mwenyewe chini ya godoro la mama.

Bando simtumii tena. Nampigia kila Jumatano na tunaongea, hata kama ni mambo ya bunduki ya dhahabu. Juzi nilijaribu saa tano usiku kumchunguza, nikakuta simu imezimwa. Kama kalala au chaji imemwishia, hilo nitamuuliza Jumatano.