Petroli yarejea kukokota matela Marekani

Kwa miaka mingi, mkulima au mkandarasi wa Marekani aliyekusudia kukokota tela zito hakuhitaji kufikiri sana: alinunua pikapu ya dizeli. Hesabu hiyo sasa imebadilika.

Chanzo kikubwa ni kanuni za moshi. Tangu zilipokazwa mwaka 2007 na 2010, dizeli imelazimika kubeba chujio la masizi na mfumo wa urea, vifaa ghali kutengeneza. Injini yenyewe huongeza takriban dola 10,000 katika bei ya gari. Mwaka 2023, Cummins, inayotengeneza injini za pikapu za Ram, ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa madai ya kukwepa viwango hivyo.

Ford ilitoa injini ya petroli ya lita 7.3 katika pikapu zake kubwa za modeli ya 2020. Nguvu yake ya mzunguko, pauni-futi 475, haifiki nusu ya 1,050 za dizeli ya modeli hiyo hiyo.

Tambarare, pengo hilo huvumilika. Mtihani uko Colorado, ambako barabara kuu ya I-70 hupanda hadi takriban mita 3,400. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Tabo ya dizeli hufidia sehemu kubwa. Kuteremka, ambako wanunuzi hukusahau, ni hatari zaidi: dizeli husaidiwa na breki ya ekzosi, ilhali petroli hutegemea gia na breki zinazoweza kushika moto.

Mwenye boti ya mapumziko atatosheka na petroli. Anayesafirisha ng'ombe milimani kila wiki bado hajapata mbadala.