UFUKWE WA MALINDI UTAKUWA WA NANI?

Kwa miaka mingi sasa Serikali imekuwa ikitangaza kwamba bandari ya mizigo itaondoka Malindi na kuhamia Mangapwani, kaskazini ya mji. Sisi hatulipingi jambo hilo. Gati ya Malindi ilijengwa katika miaka ya 1920, zama ambazo kontena lilikuwa halijajulikana, na kila mwenye macho anaona jinsi mizigo ilivyobanana baina ya bahari na mitaa ya Mji Mkongwe. Lakini liko jambo moja ambalo halijapewa haki yake ya kuzungumzwa. Siku mizigo itakapohama, ufukwe hautahama nayo. Utabaki pale pale, mbele ya mji, na ardhi tupu inayotazama bahari haikosi wachumba.

Tunajua posa itakuja kwa sura gani. Utaletwa mchoro mzuri wa rangi, wenye mtaa mpya wa pwani: nyumba za kukaa juu, maduka na ofisi chini, hoteli pembeni, bustani katikati, na watu wanatembea wakicheka. Mitaa ya namna hiyo imejengwa katika miji mingi ya bandari duniani baada ya meli kubwa kuzishinda gati za zamani, na si kitu kibaya. Mji unaohitaji kazi na nyumba haufai kuiacha pwani yake iote kutu. Swali letu si kama pajengwe au pasijengwe. Swali letu ni hili: pajengwe kwa masharti ya nani, na kwa faida ya nani?

Wanachama wenzetu, tuanze na ushahidi uliopo nyumbani. Jina la Forodhani halikuja bure. Pale ndipo ilipokuwa forodha, na pale ndipo bidhaa zilipoteremshwa na ushuru kulipwa. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, mahala pale hapakujengwa jumba la tajiri yeyote. Palifanywa bustani, iliyofunguliwa mwaka 1936 na kupewa jina la jubilei ya Sultani Khalifa. Jina la jubilei limekwisha sahauliwa, bustani imebaki. Mwaka 2009 ilifunguliwa tena baada ya kutengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan, na hadi leo mchukuzi na waziri huketi kwenye ukuta mmoja wakipunga upepo mmoja, bila ya mtu kuulizwa kiingilio.

Basi mara ya kwanza bandari ilipohama, ufukwe ulikuja mikononi mwa watu. Na hayo yalifanywa na utawala wa kikoloni ambao hakuna Mzanzibari aliyeupigia kura. Je, mara ya pili, mbele ya Serikali inayosema kuwa ni ya wananchi, wananchi watapata pungufu ya hapo?

Tutazame na kwa wenzetu, maana mwenye busara hujifunza kwa yaliyomfika jirani. Magudi ya London yalifungwa moja baada ya moja, na ya mwisho yakafungwa mwaka 1981. Mwaka huo huo Serikali ya Uingereza iliunda shirika maalumu la kuendeleza eneo hilo, na mamlaka ya kuidhinisha ujenzi yakaondolewa kwa mabaraza ya mitaa yaliyochaguliwa na wakaazi na kupewa shirika hilo. Matajiri walisamehewa kodi kwa miaka kumi. Mwaka 1983 wakaazi wa upande wa Royal Docks walitunga mpango wao wenyewe wa nyumba na kazi. Ukawekwa kando, na mwaka 1987 ukafunguliwa uwanja wa ndege mahala pale. Mwaka 1991 ulikamilika mnara wa Canary Wharf wenye ghorofa 50, na mwaka uliofuata kampuni iliyoujenga ikaelemewa na madeni hata ikawekwa chini ya wasimamizi. Mamia ya majirani walikwenda mahakamani kulalamika kwamba mnara ule umewakatia mawimbi ya televisheni na kwamba vumbi la ujenzi limewasumbua. Mwaka 1997 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba kwa hilo la televisheni hawana dai.

Leo mahala pale pana mabenki na treni na fedha nyingi, wala hatukanushi. Lakini aliyezaliwa kando ya gudi hakuulizwa neno, na aliyetaka kuulizwa aliambiwa amechelewa. Hilo ndilo tusilolitaka Malindi.

Mji wa pili ni Hamburg, nao si mgeni kwetu. Wafanyabiashara wake walifungua duka la biashara Unguja mwaka 1849, wakafunga mkataba na Sultani mwaka 1859, na huko ndiko alikokwenda kuishi Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Mji huo ulipoanza kujenga maghala yake makubwa katika miaka ya 1880, watu wapatao 20,000 walitolewa majumbani mwao. Lakini ulipoamua mwaka 1997 kuligeuza eneo la bandari ya zamani, hekta 157, kuwa mtaa wa kukaa na kufanya kazi, ulikwenda kwa hadhari zaidi. Ardhi ilishikwa na kampuni ya mji wenyewe. Mwenye kutaka kiwanja hupewa kwanza muda wa kukitayarishia michoro na vibali chini ya macho ya mji, naye hamiliki kitu mpaka atimize. Asipotimiza, kiwanja hurudi. Njia za kandokando ya maji, zaidi ya kilomita 10, ni za kila mtu. Majengo yalipandishwa juu ya vifusi, mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, ili mafuriko yasiyafikie.

Hata huko hapakukosekana dosari. Nyumba za mwanzo zilikuwa za wenye nacho tu, na watu walipopiga kelele ndipo mji ulipoweka sharti kwamba theluthi ya nyumba mpya ziwe za kodi nafuu. Na jumba lao la muziki, ambalo wananchi waliambiwa litawagharimu Euro milioni 77, lilipofunguliwa mwaka 2017 lilikuwa limewagharimu Euro milioni 789. Kama Wajerumani, wenye sifa ya daftari na rula, walifikwa na hayo, sisi tunaonaje kukaa bila ya daftari? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila khabari.

Kwa hivyo sisi tunatoa rai zetu mapema, kabla ya mchoro wowote kuletwa na kabla ya mkono wowote kushika kalamu.

Kwanza, ukingo wa maji wote, kutoka Forodhani kupita Mtini hadi Malindi na Funguni, uandikwe kisheria kuwa njia ya umma, isiyofungwa kwa ukuta, wala kwa mlinzi, wala kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Pili, diko la Malindi lisiguswe. Mvuvi, mchuuzi wa samaki, nahodha wa jahazi na mchukuzi si uchafu wa kufagiliwa mgeni asije akakereka. Hao ndio bandari. Gati ni mawe tu. Gari la mizigo linaweza kwenda Mangapwani, lakini ngalawa haina sababu ya kufukuzwa.

Tatu, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwekezaji huikodi tu. Basi ijara isainiwe baada ya michoro na fedha kuonekana, muda wake ujulikane, na mkataba wote usomwe hadharani Barazani na ubandikwe mahala watu wanapopita.

Nne, isipungue theluthi ya nyumba zitakazojengwa iwe kwa kodi anayoiweza mwalimu wa skuli na muuguzi wa hospitali. Mtaa ambao taa zake huwashwa msimu wa watalii na kuzimwa masika si mtaa.

Tano, ziheshimiwe bahari na historia. Maji ya bamvua kwetu hupanda na kushuka kadiri ya mita 4, na bahari ya duniani inazidi kupanda. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja Disemba 2020 na kuua watu. Asiyeweza kulishikilia jumba alilorithi asikimbilie kusimamisha mnara jirani yake.

Wako watakaosema kwamba kwa masharti haya mwekezaji atakimbia. Akimbilie wapi? Kiwanda huhamishika, pwani ya Unguja haihamishiki, na haina ya pili. Hamburg iliweka masharti magumu kuliko haya na wajenzi walipanga mstari. Anayekimbia kwa sababu ameombwa mkataba wake usomwe, huyo heri akimbie mapema.

Wako pia watakaosema kwamba hili ni la watu wa mjini. Sivyo. Ukuta wa Mizingani ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo wa Serikali hulipwa na mkarafuu wa Wete na dagaa la Mkokotoni sawasawa na duka la Darajani. Anayelipa deni ana haki ya kuuliza kilichonunuliwa.

Basi kila tawi lililijadili jambo hili katika mkutano wake na kuandika rai zake, na wawakilishi waulizwe Barazani kwa maneno mafupi yasiyo na pa kujifichia: Malindi itakuwaje, na nani aliyeulizwa? Kuuliza si uadui. Anayenyamaza leo mbele ya mchoro, kesho atasimama nje ya ukuta.