Breki si dawa ya anayekuganda nyuma

Aliyeandika kwamba dereva anayegandwa nyuma usiku akanyage breki ili amtie mwenzake adabu, sidhani kama amewahi kushuka mlima Rwabunuka akivuta tela la ndizi. Mteremkoni, breki ya ghafla hulifanya tela lisukume mkia wa gari pembeni. Anayetiwa adabu ni mvuta tela. Punguza mwendo taratibu, washa indiketa ya kushoto penye upana, mwache apite na haraka zake.

Kuhusu taa zinazopofusha, yeye analaumu ufedhuli wa madereva tu. Upo, sikatai. Lakini tela likielemewa mbele, mkia wa gari hudidimia, pua huinuka, na hata dimu humpiga usoni anayekuja. Kabla ya kutoka Nkwenda, panga mikungu usawa wa ekseli, uzito kidogo tu ubaki mbele. Halafu kuna malori ya Rwanda: kwao huendesha kulia, na dimu zao humulika mbali zaidi upande wa kulia, ambako kwetu, tunaoendesha kushoto, ndiko uliko wewe. Ukimjibu dereva wa lori kwa fulu, mnakuwa vipofu wawili. Tazama ukingo wa kushoto. Na futa vumbi kwenye rifleksa za tela. Huyo anayekuganda huenda hakukuona mpaka alipokufikia.