Mgombea Mnadani

Neno lenyewe lingetosha kutuzindua. Ukifika uchaguzi tunaambiwa mgombea "ananadiwa". Tujuavyo sisi, kinachonadiwa ni mbuzi au samaki. Mnadi hupaza sauti, lakini mwenye fedha kwanza humpapasa mbuzi mbavu. Basi vipi mkubwa akipanda jukwaani akamwinua mtu mkono, sisi tuhesabiwe tumekwisha kununua?

Tazama bonde la Kilombero, kuanzia miwa ya Kidatu mpaka mpunga wa Ifakara na Mlimba. Huko watu hula jasho lao. Mwenye shamba la miwa hungoja kiwanda kipime uzito na utamu ndipo ajue chake. Na msimu ukifungwa miwa ingali shambani, hasara ni yake peke yake. Mwaka 1986 wafanyakazi wa sukari walipodai haki zao, polisi waliwapiga risasi wakafa watu. Mtu wa namna hii hangoji waziri aje kumwambia nani mwema.

Mwaka 2015 chama tawala kilisimamisha watu wake huko kwa baraka za wakubwa wote. Majimbo mawili, Kilombero na Mlimba, yakawapeleka bungeni Peter Lijualikali na Susan Kiwanga wa Chadema. Wala usidhani upinzani ulikuwa na wanadi bora zaidi. Mwaka huo huo Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, aliungwa mkono na Frederick Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani, na kusifiwa na ndimi zile zile zilizomshambulia miaka mingi. Alipata karibu asilimia 40; Magufuli 58. Na ndugu zetu wa Mombasa wanakumbuka 2022: Rais Uhuru Kenyatta alimnadi Raila Odinga, na watu wa Mlima Kenya, nyumbani kwake Uhuru, wakampa kura Ruto.

Utanijibu: je, Mwalimu Nyerere? Naam, mwaka 1995 alizunguka nchi kwa ajili ya Mkapa, naye akapata karibu asilimia 62, dhidi ya 28 za Mrema aliyependwa sana na watu wa kipato kidogo. Sikatai. Lakini huyo alikuwa nje ya urais miaka kumi, na kila mpiga kura alikwisha mpima. Aliweka rehani jina lake mwenyewe. Hawa wa leo huweka rehani nini? Mgombea akiharibu, wao huhamia jukwaa jingine na kipaza sauti kile kile.

Kwa kadhi, shahidi huulizwa amemjuaje mtu wake. Basi nawe muulize mnadi akija mtaani kwako: umewahi kufanya naye kazi? Amewahi kukudai, au wewe kumdai, akalipa? Na kule Ifakara wamuulize zaidi: Januari 2016, kivuko kilipozama mtoni Kilombero, huyu unayemshika mkono alikuwa wapi?