Anayelea naye asikilizwe

Hapa Kapolowe, Congo, kama ilivyo Likasi na vijiji vya jirani, mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hulelewa na mama, bibi au dada mkubwa. Mlezi wa kulipwa ni nadra. Ndugu hao ndio walezi wetu, na yanayosemwa juu yao mengi si kweli.

Wanasema kulea ni huruma tu, hakuhitaji mafunzo. Mtazame basi anayemlisha mtoto asiyemeza vizuri. Bukari (ugali) unalainishwa kwa mchuzi, samaki wa ziwa Tshangalele anachambuliwa kwa vidole mpaka mwiba wa mwisho utoke, mtoto anakalishwa wima, kidevu kikiinama kidogo, na tonge la pili linangoja la kwanza lipite. Akilishwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia inayoua. Bibi mwenye huruma tupu huharakisha ili mjukuu ashibe. Na kifafa, kinachowapata baadhi ya watoto hawa: wapo wanaomtia mtoto kijiko mdomoni akianza kutetemeka, kwa mapenzi kabisa, wakamvunja meno. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, na zikipita dakika tano apelekwe hospitali mbio. Hayo hufundishwa, hakuna anayezaliwa nayo.

Wanasema pia kwamba mlezi anayelalamika hana moyo, na kwamba kwa wazungu mambo ni mazuri kwa sababu wana pesa. Nayajibu pamoja, maana kisa kimoja kinayatosha. Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol, Uingereza, ikilipwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Mei 2011 televisheni ya BBC iliwaonyesha wafanyakazi wake wakiwapiga na kuwadhalilisha watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2012 wafanyakazi 11 walihukumiwa, sita wakaenda jela. Linaloniuma zaidi ni hili: muuguzi mmoja, Terry Bryan, alikuwa ameshalalamika kwa wakubwa wake na kwa mamlaka ya ukaguzi, wasimsikilize. Aliyelalamika ndiye aliyekuwa na moyo.

Sisemi mshahara si kitu. Mlezi wa kulipwa akikaa miezi bila mshahara ataenda shambani au kuuza makaa, na mtoto asiyeweza kusema ataachwa kwa mtu mpya, asiyejua kutofautisha kilio chake cha njaa na cha maumivu.

Wanasema tena kwamba mtoto mwenye ulemavu huu ni mlozi; hilo halihitaji maneno mengi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Congo ya 2006 kinakataza kumtuhumu mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaadhibu anayefanya hivyo. Sababu za ulemavu huu zinajulikana: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa iodini kwa mama mjamzito, hitilafu za kurithi.

La mwisho wanalosema ni hili: “Mpelekeni Lubumbashi.” Kituo cha Joseph Guislain kiko huko, lakini ni cha magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu, na ulemavu wa akili si wazimu. Mtoto anaweza kwenda huko kwa ajili ya kifafa, kisha anarudi nyumbani kwa bibi yuleyule, aliyechoka vilevile. Congo ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 3 Mei 2022. Itekelezwe kuanzia hapa: siku ya chanjo au ya kuchukua dawa, muuguzi wa kituo cha afya amkalishe mlezi dakika chache, amwonyeshe namna ya kulisha, kisha amwulize yeye mwenyewe. Unalala usiku? Ukiugua, nani anakupokea? Wapi mtoto anakushinda nguvu? Majibu yaandikwe kwenye fishi (kadi ya kliniki) ya mtoto, chini ya uzito wake.