Kiwix kwanza

Ndugu mwandishi, orodha yako ya programu inafaa zaidi kwa mwenye intaneti ya kutosha. Huku Buyenzi, Bujumbura, tunanunua mega kwa kuhesabu. Mimi ningeitanguliza Kiwix. Ni programu ya bure iliyoanza 2007: unapakua Wikipedia ya Kifaransa au ya Kiswahili mara moja, kisha unasoma bila mtandao. Chagueni faili lisilo na picha, ni jepesi zaidi. Mmoja akishapakua, wengine wananakili kwa flashi, na hakuna sheria inayovunjwa, kwa sababu leseni za Kiwix na Wikipedia zenyewe zinaruhusu. Hilo ni jambo kubwa, maana programu za wizi zinazopitishwa mkono kwa mkono mara nyingi huja na virusi. Na kwa kuandika barua na ripoti, LibreOffice, nayo ya bure, inatosha kabisa. Walimu wa sekondari, nawaomba: wekeni Kiwix kwenye kompyuta ya shule hata kama ni moja tu. Wenye simu za Android nao wanaweza kuiweka, mradi kadi ya memori iwe na nafasi.